Kitufe cha transpozi na funguo 12 za kinanda: kinachohama na kisichohama

Mjadala kuhusu kitufe cha transpozi, kile kinachopandisha au kushusha kimo cha kinanda kizima bila mpigaji kubadili vidole, haujawahi kupoa miongoni mwa wapiga vinanda, na kila unapoibuka huzunguka pale pale. Wako wanaosema kwamba mpigaji anayetegemea kitufe hicho anajidanganya, kwa kuwa vidole vyake vinajua ufunguo mmoja tu na mashine ndiyo inayomkamilishia kazi iliyobaki. Wako wanaojibu kwamba msikilizaji anasikia sauti wala haoni vidole, na kwamba wimbo ukitoka vizuri hakuna aliyepunjwa. Mwanafunzi anayezisikiliza pande zote mbili huondoka amechanganyikiwa zaidi: hajui kama anachofanya ni kosa la kuachwa mara moja, ni njia ya mkato inayoruhusiwa, au ni jambo la kawaida lisilostahili kubishaniwa.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huo inatokana na watu kugombania uhalali wa kitufe kabla hawajaeleza kinafanya nini. Yapo maswali mawili ambayo huchanganywa kana kwamba ni moja. La kwanza ni kama sauti itatoka katika kimo anachokitaka mwimbaji. La pili ni kama mpigaji ataelewa anachopiga kiasi cha kuweza kukijadili, kukibadilisha na kukipiga kwenye chombo kingine. Swali la kwanza transpozi inalijibu kikamilifu. La pili hailigusi kabisa, na hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Maneno ya kuanzia

Kwenye kinanda kila kibonye hutoa noti moja. Kutoka kibonye kimoja hadi jirani yake wa karibu kabisa, awe mweupe au mweusi, ni umbali wa nusu toni, na nusu toni mbili hufanya toni moja. Vibonye 12 vinavyofuatana, saba vyeupe vinavyoitwa C, D, E, F, G, A na B, na vitano vyeusi, hukamilisha oktavu, kisha mpangilio ule ule unaanza upya kwa sauti ya juu zaidi. Kati ya E na F, na kati ya B na C, hakuna kibonye cheusi, kwa hiyo vyeupe hivyo viwili vimeachana kwa nusu toni tu, ilhali vyeupe vingine vinavyofuatana vimeachana kwa toni nzima.

Skeli ya meja, ile ambayo wanakwaya huiimba do re mi fa so la ti do, hujengwa kwa hatua zisizobadilika: toni, toni, nusu toni, toni, toni, toni, nusu toni. Ukianza kuzihesabu hatua hizo kwenye C utapita juu ya vyeupe vitupu. Ukianza kwenye D utalazimika kupitia F shapu na C shapu, na ukianza kwenye A flati utakutana na vyeusi vinne (shapu ni nusu toni juu ya noti iliyotajwa, flati ni nusu toni chini yake). Noti unayoanzia ndiyo inayoupa ufunguo jina lake, na ndiyo maana wanamuziki wanapoulizana wimbo uko kii gani, wanachotaka kujua ni mahali ilipo do.

Fikiria ngazi ya kuegemeza ukutani ambayo vipago vyake havikupangwa kwa nafasi sawa: vingi vimeachana kwa upana mmoja, lakini cha tatu na cha nne vimekaribiana, na cha saba na cha nane vivyo hivyo. Skeli ya meja ni ngazi ya namna hiyo. Kuhamisha ufunguo ni kuinyanyua ngazi nzima na kuiegemeza mahali pa juu zaidi au pa chini zaidi, bila kuigusa nafasi yoyote kati ya vipago. Mpigaji aliyejifunza funguo zote huibeba ngazi mwenyewe. Aliyebonyeza transpozi ameiacha ngazi mahali pake na kuuteremsha au kuupandisha ukuta. Anayepanda atafika kimo kile kile kwa njia zote mbili.

Limebaki neno moja. Kodi, katika muziki, ni noti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja. Kodi ya meja huchukua noti ya kwanza, ya tatu na ya tano za skeli, kwa hiyo kodi ya C ni C, E na G. Wapigaji huzitaja pia kodi kwa namba kulingana na mahali zinapoanzia kwenye skeli: katika ufunguo wa C, kodi ya C ni ya 1, ya F ni ya 4 na ya G ni ya 5. Nyimbo nyingi mno hupigwa kwa hizo tatu pamoja na ya 6, ambayo ni ya maina, yaani noti yake ya katikati iko nusu toni chini ya ile ya kodi ya meja.

Kinachotokea kitufe kinapobonyezwa

Uwezo wa kuhamisha wimbo bila kuuharibu unatokana na jinsi vinanda vya leo vinavyotuniwa. Oktavu imegawanywa katika nusu toni 12 zinazolingana, na kila noti ina mitetemo inayoizidi noti iliyo chini yake kwa takriban asilimia 6. A iliyo juu ya C ya katikati hutetema mara 440 kwa sekunde, A shapu inayoifuata hutetema mara 466 na kitu, na baada ya hatua 12 tunafika kwenye A nyingine yenye mitetemo 880, yaani mara mbili kamili. Kwa kuwa uwiano wa kila hatua ni ule ule, wimbo ulioanzia C na wimbo huo huo ulioanzia E flati una umbo moja; tofauti ni kimo tu. Katika baadhi ya mifumo ya zamani ya kutuni haikuwa hivyo. Funguo chache zilisikika tamu na nyingine zilisikika chachu, na jitihada za kuufanya kila ufunguo utumike zilikuwa suala kubwa kiasi kwamba mwaka 1722 Johann Sebastian Bach alikusanya vipande vya kibodi katika funguo zote 24, meja 12 na maina 12.

Ndani ya kinanda cha umeme kazi ya transpozi ni hesabu ya kujumlisha. Tangu mfumo wa MIDI, ambao ala za umeme hutumia kupashana habari za noti, ulipoanza kutumika mwaka 1983, kila noti ina namba kuanzia 0 hadi 127, na C ya katikati ni namba 60. Ukiweka transpozi kwenye +2 na kubonyeza C ya katikati, kinanda kinaongeza 2 na kutoa noti namba 62, ambayo ni D. Ukiiweka kwenye −1 kitatoa namba 59, yaani B. Hakuna jambo jingine linalofanyika.

Hesabu hiyo inatosha kuondoa dhana moja inayorudiwa sana, kwamba transpozi hupunguza ubora wa sauti. Kinanda hakiivuti wala kuibana sauti ya C ili ifanane na D; kinaiita ile ile D ambayo ungeisikia kama ungebonyeza kibonye cha D kwa kidole chako. Dhana hiyo nadhani imetokana na programu za kupandisha au kushusha sauti iliyokwisha kurekodiwa, ambazo kweli huiburuta sauti yenyewe na mara nyingine huiacha ikiwa na mikwaruzo. Hizo ni kazi mbili tofauti. Vivyo hivyo transpozi isichanganywe na kitufe cha oktavu, ambacho huruka nusu toni 12 kwa mkupuo na kuuacha ufunguo ulivyo, wala na sehemu ya kutuni, ambayo husogeza kimo kwa vipande vidogo kuliko nusu toni, kwa mfano kutoka 440 hadi 442, ili kinanda kilingane na chombo kisichoweza kutuniwa upya.

Je, ni udanganyifu?

Hoja ya udanganyifu haisimami inapowekwa mbele ya historia. Katika karne ya 17 mafundi wa familia ya Ruckers, katika mji wa Antwerp, walitengeneza vinanda vya nyuzi vyenye kibodi mbili ambazo vibonye vyake vilipishana kwa umbali wa do hadi fa, na matumizi yake yanaelezwa kuwa ni kumwezesha mpigaji kupiga muziki ule ule katika kimo kingine. Irving Berlin, mtunzi maarufu wa nyimbo wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1888, alizoea kupiga kwa F shapu, akikaa zaidi kwenye vibonye vyeusi, na alimiliki piano zilizokuwa na wenzo wa kuisogeza kibodi pembeni ili nyundo zigonge nyuzi nyingine. Piano yake moja ya namna hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Mtu aliyetunga nyimbo zilizoimbwa na mamilioni hakuwa na sababu ya kuomba radhi kwa ajili ya wenzo wake.

Ala nyingine zimejengwa juu ya wazo hilo hilo. Mpiga tarumbeta ya B flati akisoma C kwenye karatasi, inayotoka ni B flati. Anayepiga saksafoni ya alto akisoma C, inayotoka ni E flati. Mpiga gitaa anayefunga kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya tatu (freti ni vile vijiti vya kwenye shingo ya gitaa) na kupiga maumbo ya C anasikika katika E flati, na hakuna anayemwita mwongo.

Hata hivyo mfano wa kapo, unaotumiwa sana kutetea transpozi, una upungufu ambao watetezi wake huuruka. Gitaa lina nyuzi zinazoachwa wazi, na umbo la C au G kwenye kapo hutoa mlio ambao kodi hiyo hiyo ikipigwa kwa kuziba nyuzi zote haiwezi kuutoa. Mpiga gitaa anapata kitu cha muziki kutokana na kapo. Kinanda hakina uzi wa wazi, wala kibonye cheusi hakina mlio tofauti na cheupe, kwa hiyo anachokipata mpiga kinanda kutokana na transpozi ni wepesi wa vidole peke yake. Wepesi huo una thamani yake, lakini si vyema kuupa sifa usizokuwa nazo.

Kile ambacho kitufe kinakificha

Tuchukue mpigaji anayejua C tu. Wimbo uko E flati, naye ameweka +3. Kwa muda wote anaopiga peke yake, kila kitu ni shwari. Kisha mpiga besi anamgeukia na kumwambia waende A flati. Mpigaji huyo akikimbilia kibonye cha A flati, kinanda kitaongeza 3 na kutoa B, na kodi mbili zitagongana mbele ya watu wote. Alichotakiwa kubonyeza ni F, kwa sababu F kwenye C ndiyo ya 4, kama A flati ilivyo ya 4 kwenye E flati. Ili apate jibu sahihi anahitaji kukokotoa kila jina kinyumenyume huku wimbo ukiendelea, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kujifunza E flati yenyewe. Yeye naye akitaka kuwaambia wenzake kinachofuata, atataja majina yaliyo mikononi mwake, na wao watayasikia kama makosa. Huu ndio upungufu mkubwa wa transpozi kwa maoni yangu, mkubwa kuliko yote mengine: mpigaji na wenzake wanakuwa ndani ya wimbo mmoja lakini hawana majina ya pamoja ya kuuzungumzia.

Upungufu wa pili hujitokeza wimbo unapopanda ufunguo katikati. Kwenye vinanda vingi, noti iliyokwisha kubonyezwa hubaki ilivyo na mabadiliko huanzia kwenye kibonye kitakachofuata, kwa hiyo anayetaka kupanda nusu toni kabla ya kiitikio cha mwisho anapaswa kuuachilia mkono mmoja, kukitafuta kitufe, kukibonyeza mara moja tu, na kuurudisha mkono kabla pigo halijapita. Anayekosea akabonyeza mara mbili ameiacha kwaya nusu toni nyuma. Kwa wimbo unaopanda mara moja hilo linawezekana kwa mazoezi. Kwa mwimbaji anayeupandisha wimbo kadiri anavyojisikia, bila kumtangazia mtu, haliwezekani.

Zaidi ya hapo kuna suala la masikio, ambalo halizungumzwi inavyostahili. Anayepiga kila wimbo katika C huanza kuzitambua kodi kwa mahali zilipo badala ya kuzitambua kwa kazi zinazofanya. G kwake ni kibonye fulani. Hajui kwamba anachokisikia ni kodi ya 5 inayomvuta arudi nyumbani kwenye ya 1. Akiwekwa mbele ya piano ya nyuzi, ambayo haina kitufe cha kubonyezwa, anagundua kwamba nyimbo mia alizozijua ziko katika ufunguo mmoja tu. Aliyeupiga wimbo mmoja katika funguo nne hupata maarifa ya aina nyingine, kwa kuwa kitu pekee ambacho hakikubadilika katika mara zote nne ni uhusiano wa kodi, na masikio hushika kile kisichobadilika.

Kuna pia usumbufu mdogo wa kila mara. Baadhi ya vinanda huikumbuka transpozi hata baada ya kuzimwa, vingine huirudisha sifuri, na aliyeketi baada yako hajui uliiacha wapi.

Dhana mbili zinazowatisha wanafunzi

Dhana ya kwanza ni kwamba funguo zenye vyeusi vingi ni ngumu kwa mkono. Ni ngumu kusoma kwenye karatasi, hilo ni kweli, kwa sababu ya alama nyingi za shapu na flati. Mkono una maoni mengine. Vidole vya mwanadamu havina urefu sawa: gumba na kidole cha mwisho ni vifupi, vitatu vya katikati ni virefu. Weka gumba la mkono wa kulia kwenye E, vidole vitatu virefu kwenye F shapu, G shapu na A shapu, na kidole cha mwisho kwenye B, nawe utaona kwamba vifupi vimetulia kwenye vyeupe vilivyo karibu na virefu vimelala juu ya vyeusi vilivyo mbele na juu kidogo, bila kidole chochote kukunjwa kwa nguvu. Kwenye vyeupe vitano vya C, D, E, F na G vidole virefu hulazimika kujikunja ili vilingane na vifupi. Frédéric Chopin, aliyejipatia riziki kwa kufundisha piano mjini Paris, aliwaanzisha wanafunzi wake kwa skeli ya B meja, yenye vyeusi vyote vitano, akaiacha C meja kuwa ya baadaye, kwa kuwa aliiona kuwa rahisi kwa macho lakini ngumu kuliko zote kwa vidole.

Dhana ya pili ni kwamba kujifunza funguo 12 ni kazi mara 12 ya kujifunza mmoja. Zitazame kodi 12 za meja kwa rangi za vibonye vyake. C, F na G ni nyeupe tupu. D, A na E ni nyeupe, nyeusi, nyeupe. D flati, A flati na E flati ni nyeusi, nyeupe, nyeusi. F shapu ni nyeusi tupu. Zimebaki B flati, yenye nyeusi moja ikifuatwa na nyeupe mbili, na B, yenye nyeupe moja ikifuatwa na nyeusi mbili, ambayo ni kinyume chake. Kwa hiyo hayo ni maumbo sita, na matatu kati yake yamebeba kodi tisa.

Hapo kuna zawadi ambayo wanaoanza hawaambiwi. Kodi za 1, 4 na 5 katika ufunguo wa C ni C, F na G, zote za umbo moja, na ndiyo sababu C huonekana rahisi. Lakini katika ufunguo wa A ni A, D na E, nazo zote ni za umbo moja la nyeupe, nyeusi, nyeupe. Katika A flati ni A flati, D flati na E flati, zote za nyeusi, nyeupe, nyeusi. Anayeweza kupiga nyimbo za kodi tatu katika C ana kila kinachohitajika ili azipige katika A na A flati ndani ya muda mfupi sana, kwa kuwa mkono hubadilisha umbo mara moja tu, mwanzoni, kisha husafiri nalo.

Kujifunza kwa mpangilio unaobebeka

Namna ya kujifunza ambayo ningemshauri mtu aifuate inaanza kwa kuacha kukariri majina ya kodi za wimbo na kuanza kukariri namba zake. Wimbo wa C, A maina, F, G uandikwe 1, 6, 4, 5. Wanamuziki wa studio za Nashville, Marekani, wamejenga mfumo mzima wa kuandika nyimbo kwa namba, kwa sababu mwimbaji akibadili ufunguo karatasi inabaki ile ile. Anayejua solfa tayari yuko nusu ya safari, maana do, fa na so ndizo 1, 4 na 5, na hakuna anayehitaji solfa mpya kwa kila ufunguo.

Kisha uchukuliwe wimbo mmoja, ule unaoweza kuupiga hata ukiwa umesinzia, na upigwe katika ufunguo mwingine polepole mno, mkono wa kushoto ukipiga noti moja moja ya besi na wa kulia ukishika kodi. Usipige nyimbo kumi katika ufunguo mpya. Piga mmoja mpaka uzoeleke, ndipo uuhamishe tena. Skeli za haraka za oktavu mbili zina nafasi yake, lakini kwa anayetaka kuwasindikiza waimbaji zinaweza kungoja, ilhali 1, 4, 5 na 6 haziwezi.

Hatua inayofuata ni kuzigeuza kodi ili mkono usirukeruke. Katika C, badala ya kuruka kutoka C hadi F, bakiza C ilipo na usogeze vidole viwili vya juu: C, E, G inakuwa C, F, A. Kutoka mwanzo huo huo, kwenda kwenye ya 5 mkono unashuka kidogo na kuwa B, D, G, ambapo G haikuondoka mahali pake. Sasa fanya vile vile katika A flati: A flati, C, E flati inakuwa A flati, D flati, F, na kwa ya 5 unapata G, B flati, E flati. Nyendo za vidole ni zile zile katika funguo zote mbili, noti inayobaki ni ile ile kwa namba, na baada ya kuzirudia kwa makini utaanza kuziona namba juu ya vibonye kabla ya herufi.

Kuhusu mpangilio wa funguo, vitabu vingi huzipanga kwa kuongeza shapu au flati moja moja: C, G, D, A, E, B kwa upande mmoja, na F, B flati, E flati, A flati, D flati kwa upande mwingine, pande mbili zikikutana kwenye F shapu, ambayo ni ile ile G flati. Mpangilio huo ni mzuri na una mantiki. Anayesindikiza watu lakini ana mpangilio bora zaidi, ambao ni kuanza na funguo wanazoimba watu hao. Kama mwimbaji wako mkuu anakaa B flati kila mara, B flati ndiyo ya pili baada ya C, hata kama kitabu kinasema ni G.

Mahali ambapo kitufe kinafaa

Hakuna katika haya kinachodai kitufe kiachwe. Mwimbaji aliyeamka na koo lililokwama, anayeomba wimbo ushushwe toni nzima wakati umebaki muda mfupi tu wa kuanza, anapaswa kushushiwa kwa −2, na mpigaji asijitese. Utangulizi uliotungwa kwa kufuata jinsi vidole vinavyoangukia kwenye ufunguo fulani, wenye mipito ya haraka isiyopigika kwingine bila miezi ya mazoezi, una haki ya kupigwa pale ulipotungiwa na kuhamishwa kwa mashine. Vilevile anayetaka kusoma karatasi ya tarumbeta ya B flati na kuisikia kama inavyosikika kwenye tarumbeta ataweka −2, na kwa karatasi ya saksafoni ya alto ataweka −9. Hata anayejifunza anaweza kukitumia kwa namna ya kinyume: aweke transpozi kwenye −3 na kujilazimisha kupiga wimbo wa C kwa vibonye vya E flati, ili vidole vijifunze ufunguo mpya huku masikio yakiwa katika kimo walichozoea waimbaji.

Unapokitumia, hesabu nusu toni kutoka ufunguo ulio vidoleni hadi ufunguo unaotakiwa, kisha chagua njia fupi. Kutoka C kwenda A flati unaweza kupanda 8 au kushuka 4, na zote zitakufikisha A flati, lakini haziko oktavu moja. Kwenye kinanda cha vibonye 61, +8 inakunyima noti nane za chini kabisa na kuuacha mkono wa kushoto ukisikika mwembamba, wakati −4 inaibakiza besi na uzito wake. Waambie wenzako ufunguo unaosikika, kamwe usiwatajie ulio vidoleni, na ukimaliza rudisha sifuri.

Kupanda ufunguo katikati ya wimbo ndiko mahali ambapo hata mpigaji anayejua funguo nne au tano tu anaweza kukiacha kitufe kwa faida. Ukiwa C na unataka kwenda D flati, tafuta kodi ya 5 ya ufunguo unaokwenda, yaani A flati, na uiongezee G flati ili iwe na mvuto zaidi. Kodi hiyo ina A flati, C, E flati na G flati. C iliyokuwa do ya zamani imo ndani yake, kwa hiyo kidole kilicho juu ya C kinaweza kubaki pale pale wakati vingine vinasogea. Ishikilie kwa mapigo mawili au manne, waimbaji wataisikia ikiwavuta kwenda juu, kisha C ile ipande nusu toni kwenda D flati pamoja nao.